Posa ya Yungiyungi

Katika nchi ya Maliwaza hakuna mpweke hata mmoja. Si jambo la kubishania. Limeandikwa kwa herufi za shaba kwenye lango la uwanja wa ndege, na anayebisha hupelekwa mahali ambako atapata wenzake wengi wa kubishana nao.

Zamani, wanasema, wapweke walikuwapo. Walikaa vibarazani wakiongea na kuku. Ndipo Serikali, ambayo haina usingizi kwa ajili yetu, ikaunda Wizara ya Faraja, na Wizara ikaunda Mwandani. Ulikuwa unaandikisha jina, unapewa namba, na papo hapo simu yako inaanza kupendwa. Asubuhi umeamkaje, mchana umekula nini, alasiri mbona kimya mpenzi. Wapenzi wote walikuwa na majina ya maua na ndege, wote waliishi mbali kidogo, na wote walikuwa karibu kuja.

Wazee wa nchi walinung'unika. Hawakulalamika kwamba wapenzi hao hawapo. Hilo waliliona dogo. Walilalamika kwamba hawana walii. Msichana asiye na walii ataposwaje, jamani? Basi Waziri wa Faraja, Mheshimiwa Profesa Anzuruni Pazi, akasimama bungeni, akajipiga kifua: "Napenda kuchukua fursa hii adhimu kutangaza kwamba walii wao ni mimi!" Sheria ikapita kabla ya chai ya saa nne. Tangu siku hiyo Mheshimiwa akawa walii wa wasichana elfu nne na kumi na wawili, ambao hata mmoja wao hakuwa na pua.

Na kwa kuwa sisi ni watu wa adabu, mila haikuguswa. Barua ya posa huletwa na mshenga, imefungwa kwenye leso. Husomwa kwa sauti mbele za watu, na walii hujibu papo hapo. Mshenga akishafungua leso, hata Rais hamnyamazishi, mjumbe hauawi. Kwa ajili ya majibu hayo Wizara ilichapa Fomu Namba Tisa. Fomu Namba Tisa ilikuwa na jibu moja.

*

Siwema Mabruki alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko mpakani, safari ya siku mbili kutoka nyumbani kwao jijini. Baba yake, Mzee Mabruki, alikuwa fundi saa pale sokoni. Mama yake, Bi. Hidaya, alifariki ghafla, na miaka miwili baada ya mazishi mzee alikuwa bado anamimina chai vikombe viwili, kisha anakinywa na cha pili kikiwa kimepoa.

Siwema ndiye aliyemwandikisha mzee kwenye Mwandani. Tuseme ukweli, maana hata yeye hakuwahi kuukwepa: alimwandikisha ili mwenyewe apate kulala. Mzee akapewa namba 3318 na mpenzi aitwaye Yungiyungi.

Mzee akafufuka. Akanyoa ndevu, akapaka mlango rangi ya kijani. Yungiyungi alimuuliza habari za saa, jambo ambalo marehemu Bi. Hidaya, Mungu amrehemu, hakuwahi kulifanya kwa miaka thelathini na minne. Mzee akamwandikia habari za springi na magurudumu na maji yanavyoingia kwenye saa ya mtu asiyeivua akioga. Mwishowe akaandika posa.

Jibu lilikuja kwa kadi yenye utepe: Mzee Mabruki ameteuliwa Mteja Bora wa Mwaka, afike kwenye Maadhimisho ya Wizara. Kadi haikusema mengine. Mzee akaona haina haja ya kusema. Akavaa kanzu aliyoolea, akavaa koti juu yake, akatia mfukoni saa ndogo ya kike aliyoiunda kwa mikono yake miezi minne. Siwema alisafiri kumsindikiza, akaketi ubavuni mwake, safu ya mbele.

Mheshimiwa akapanda jukwaani na barua ile mkononi, akaisoma kwa sauti ya kuigiza, akikohoa kama kizee. Ukumbi ukacheka. Akafika mahali mzee alipoandika, "Sina mengi, ila saa zote za nyumbani kwangu ni sahihi," akashindwa kuendelea, akafuta machozi ya kicheko kwa tai yake. Meno yake mawili ya dhahabu yaling'aa hadi safu ya mwisho. Redio ilirusha yote moja kwa moja.

"Mzee wangu," akasema, "Yungiyungi ni huduma! Hu-du-ma!" Kisha akagonga muhuri Fomu Namba Tisa: Wizara inakushukuru kwa hisia zako. Ombi limekataliwa. Endelea kufurahia huduma.

Mzee Mabruki alirudi nyumbani kwa miguu. Akatoa betri kwenye simu, akaitupa simu kwenye droo. Akasimamisha saa zote, moja baada ya nyingine, akaketi akiutazama ukuta. Hakusema neno siku hiyo, wala wiki ile, wala mwezi ule. Siwema alimpikia, akambembeleza, akamlilia miguuni. Wapi. Siku ya arobaini akasimama mlangoni, akaufunga upande wa khanga wake kiunoni, akasema kwa sauti, ingawa hakuna aliyemuuliza: "Huyu bwana atasomwa. Wallahi atasomwa, palepale."

*

Wizara ilikuwa inatafuta waandishi wa mahaba, na Siwema akaacha ualimu, akaomba. Kwenye usaili walikaa watu watano wenye suti.

"Umewahi kupenda?" aliuliza mwenyekiti.

"Hapana."

"Vizuri. Umewahi kupendwa?"

"Sikumbuki."

"Vizuri sana. Waliowahi wanatusumbua, wanaleta mambo yao humu."

Akapelekwa chumba namba sita. Meza kumi na mbili, viti kumi na viwili, na kwenye kila kiti kibandiko cha jina la ua au ndege. Kwenye kiti cha Yungiyungi alikuwa ameketi Bwana Kibwana, mtu wa makamo, mwenye ndevu za kujaa kifua na sahani ya mihogo ya kukaanga mapajani. Alikuwa amekuwa Yungiyungi miaka mitatu, na sasa alipandishwa cheo kuwa Tausi.

"Kazi rahisi, binti," akasema, akijifuta mafuta kwenye ndevu. "Ujumbe ukiingia una dakika tatu. Zikipita, mtambo unajibu wenyewe. Na ukiandika, mtambo unapima mahaba. Yakipungua, unakurudishia. Hapo tia 'mpenzi', utapita. Mimi nikikwama namuuliza mtu habari za kazi yake, basi, hapo naweza kula sahani nzima."

Siwema alimtazama mtu aliyempenda baba yake. Alitaka kumchukia akashindwa. Bwana Kibwana alikuwa na watoto saba na kikohozi. Chuki yake aliitunza kwa ajili ya Mheshimiwa.

Wiki ya tatu, saa moja na nusu asubuhi, uliingia ujumbe kutoka namba 7, namba ambayo kwenye orodha haikuwa na jina.

"Napenda kuchukua fursa hii adhimu kukuuliza, mpenzi, umeamkaje."

Siwema aliusoma mara mbili. Nchi nzima ilikuwa na mtu mmoja tu aliyesema hivyo. Akaandika, "Nimeamka salama. Wewe je?"

"Kwa niaba yangu binafsi, nimeamka vibaya."

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Mheshimiwa alikuwa amemwagiza katibu wake amtafutie mwandani "kwa ajili ya ndugu yangu mmoja", ila, akasisitiza, asiwe wa huduma. Awe mwanamke wa kweli, mwenye miguu. Katibu akajibu, "Tayari, Mheshimiwa," kwa sababu katika Wizara ile hakuna aliyewahi kumjibu Waziri neno lingine. Kisha akamwandikisha kwa Yungiyungi kama raia wote, na hilo la jina akamwambia ni sadfa tu. Kwa hiyo mtu aliyejua kuliko wote kwamba Yungiyungi hayupo alikuwa na hakika kwamba wake yupo. Usicheke, msomaji. Au cheka, Siwema alicheka.

*

Alimlea kama mtu anavyolea kuku wa sikukuu. Alimuuliza habari za kazi yake, na Mheshimiwa akaandika kurasa. Alimuuliza kama amekula, na Mheshimiwa akajibu kwamba mara ya mwisho kuulizwa hivyo alikuwa na miaka tisa. Miezi ikapita. Maadhimisho yalipokaribia, Siwema akaandika:

"Mpenzi, mimi ni binti wa watu. Kama unanipenda, tuma mshenga na barua, uiandike kwa mkono wako, uweke majina yako yote na vyeo vyako vyote, walii wangu asije akasema wewe ni mhuni. Atakuwepo Jumamosi, saa nne kamili asubuhi, Barabara ya Faraja, nyumba namba moja."

Nyumba namba moja, Barabara ya Faraja, ndiyo Wizara yenyewe. Mheshimiwa hakujua. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa anaingizwa garini nyumbani na kutolewa garini ofisini, na mtu anayebebwa hana shughuli na njia. Katibu aliijua anwani ile vizuri sana. Alipoagizwa akodi mshenga asiyejulikana na mtu, ampe barua na anwani, alisema, "Tayari, Mheshimiwa."

Siku moja kabla, namba 7 aliandika tena. Hakukuwa na fursa adhimu safari hii.

"Naomba nikuambie kitu ambacho sikukiandika vizuri kwenye barua. Nyumba yangu ina vyumba kumi na viwili. Nalala sebuleni, kwenye kochi, taa zikiwa zinawaka. Ukija, tutalala chumba chochote utakachopenda."

Siwema aliinua mikono kutoka kwenye meza. Dakika ya kwanza ikapita. Mtu huyu alikuwa anaumwa ugonjwa uleule wa baba yake, na Siwema alikuwa anamlisha sumu ileile, tena kwa kijiko. Alilijua hilo. Angeweza kumwandikia, usimtume mshenga, na mambo yangekwisha. Dakika ya pili ikapita. Halafu akaona tena ile tai ikifuta machozi, yale meno ya dhahabu, na baba yake akiwa na mkono mfukoni, ameishika saa ndogo asijue aipeleke wapi.

"Nitakuja mpenzi," akaandika. "Usikose kutuma."

*

Jumamosi ukumbi ulifurika. Walikuwepo mabalozi, wabunge, kwaya ya Wizara na redio ya Taifa. Mheshimiwa alikaa jukwaani, simu ameificha chini ya kitambaa cha meza, akiichungulia kila mara. Saa nne ilikuwa inakaribia na mshenga wake, kwa hesabu zake, alikuwa anabisha hodi mahali fulani pa heri.

Saa nne kamili vigelegele vikasikika nje. Mlango ukafunguliwa. Akaingia mzee mwembamba mwenye kofia iliyodariziwa na leso nyekundu mkononi, nyuma yake wanawake sita na masinia. Walinzi walimpisha, nani atamzuia mshenga?

"Hodi hapa nyumba namba moja! Nimeelekezwa kwa walii wa Yungiyungi."

Mheshimiwa alifurahi kama mtoto. Kila mwaka mteja mmoja alimpa kicheko, na mwaka huu kicheko kimejileta kwa miguu. "Walii ni mimi!" akapaza sauti. "Karibu, mzee! Mpeni kipaza sauti! Redio, mko hewani? Fungua leso yako, mzee, tusikie mapenzi!"

Mshenga akaifungua leso, akavaa miwani, akasafisha koo.

"Napenda kuchukua fursa hii adhimu," akasoma, "kuomba kwa unyenyekevu mkubwa kumposa binti yako Yungiyungi."

Balozi mmoja akamtazama mkewe. Mheshimiwa alikuwa ameanza kucheka, na kile kicheko kikabaki mdomoni kikiwa hakina pa kwenda.

"Basi, mzee, inatosha," akasema.

"Haitoshi, Mheshimiwa. Leso ikishafunguliwa haifungwi mpaka jibu."

"Nimesema inatosha! Zimeni hiyo..."

"Sheria ya Posa, kifungu cha nne," akasema Spika wa Bunge taratibu kutoka safu ya pili. Hakuwa amesahau kwamba Mheshimiwa ndiye aliyemnyang'anya nyumba ya ufukweni. "Tuliipitisha kabla ya chai. Endelea, mzee."

Mzee akaendelea. Akasoma jinsi mposaji anavyokula peke yake kwenye meza ya watu ishirini. Akasoma kwamba siku za Ijumaa huwaagiza wapishi wapike vingi ili asikie vyombo vikigongana. Akasoma kwamba hajawahi kumwambia mtu haya, kwa kuwa kazi yake inamlazimu kuwa na furaha. Akamaliza kwa majina saba na vyeo kumi na vinne, na cha mwisho kilikuwa "walii wa wapenzi wote wa Taifa".

Hakuna aliyecheka. Watu waliogopa, na wengine, nadhani, walikuwa wanawaza meza zao wenyewe. Ndipo kutoka mlango wa watumishi kikasikika kicheko cha mwanamke mmoja, kikali, kirefu, kilichokaa tumboni mwaka mzima. Alikuwa Siwema. Kicheko cha mmoja kikampa ruhusa wa pili, wa pili akampa wa tatu, na mara ukumbi wote ukaangua vicheko, mabalozi wakashika mbavu, kwaya ikakaa chini.

Siwema alipanda jukwaani na sinia. Juu yake ilikuwa Fomu Namba Tisa, kalamu na muhuri.

"Mshenga anasubiri jibu, Mheshimiwa."

Mheshimiwa hakuitazama fomu. Alikuwa anaangaza macho safu kwa safu. Kisha akaegemea mbele, akauliza kwa sauti ndogo, akisahau kwamba kipaza sauti kilikuwa bado hewani: "Yupo? Yupo humu ndani?"

"Yungiyungi ni huduma, Mheshimiwa," akasema Siwema. "Hu-du-ma."

Akagonga muhuri mwenyewe, kwa mkono wake. Mshenga akaipokea fomu, akamsomea mposaji jibu lake: Wizara inakushukuru kwa hisia zako. Ombi limekataliwa. Endelea kufurahia huduma.

Saa saba mchana Rais alimfukuza kazi kwa kosa la kuposa ilhali ni walii. Saa nane aliteuliwa mwingine, naye akaahidi wapenzi elfu kumi.

*

Siwema alirudi nyumbani mbio, viatu mkononi, moyo unaruka. Jirani alikuwa amefungua redio kwa sauti ya juu tangu asubuhi na kuta za kwao ni nyembamba; baba atakuwa amesikia kila neno.

"Shikamoo, baba! Umemsikia? Umewasikia walivyomcheka?"

Mzee akageuka kutoka ukutani, kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana, na midomo yake mikavu ikaachana.

"Kumbe anakula peke yake?"

"Ndiyo, baba! Peke yake kama mbwa!"

"Maskini," akasema Mzee Mabruki. "Na mimi."

Siwema alikuwa amengoja mwaka mzima kusikia sauti ile, na neno la kwanza likaenda kwa adui yake. Alitaka kupiga kelele. Lakini mzee alikuwa amesimama, anaitia ufunguo saa ya ukutani, na saa ikaanza kulia tiki, tiki, na akaomba chai. Tena akauliza, "Ile chaja ya simu iko wapi, mwanangu?" Siwema akaitafuta huku analia kwa furaha. Alidhani anataka kusikiliza redio.

*

Jumatatu saa moja na nusu asubuhi Siwema aliketi kwenye kiti chake chumba namba sita; aliyeweza kumfukuza alikuwa amefukuzwa. Mkataba wa mteja wa Mwandani ni wa miaka mitatu, hauvunjwi hata mteja akifukuzwa kazi, na aliyeuandika hivyo alikuwa Mheshimiwa mwenyewe. Namba 7 alikuwa wa kwanza.

"Najua hupo. Umeamkaje?"

Siwema alikuwa ametarajia matusi, na kwa matusi alikuwa na majibu. Akabonyeza kitufe cha jibu la ofisi, "Ujumbe wako unashughulikiwa", na kilimchoma kidogo, lakini si sana, na angekibonyeza tena.

Ujumbe wa pili ukaingia. Ulitoka namba 3318.

"Yungiyungi, nisamehe kwa kunyamaza. Saa zinatembea tena. Umeamkaje?"

Siwema akaandika haraka, akikosea herufi: "Baba, ni mimi Siwema. Shikamoo. Nakuja nyumbani sasa hivi tunywe chai." Kioo kikawa chekundu: MAHABA HAYATOSHI. REKEBISHA UJUMBE. Akaandika upya. Chekundu tena. Akaandika, "Baba, hakuna mtu hapa," na mtambo ukaurudisha hata kabla hajainua kidole.

"Tia 'mpenzi', binti, utapita," akasema Bwana Kibwana kutoka kiti cha Tausi, mdomo umejaa.

Siwema akachukua mkoba wake, akatoka. Walimsikia akishuka ngazi kwa kukimbia. Ni mwendo wa nusu saa kutoka Barabara ya Faraja hadi mlango ule wa kijani.

Kiti cha Yungiyungi hakikukaa wazi hata dakika tatu. Bwana Kibwana alihama na sahani yake, akauangalia ujumbe, uso wake ukachangamka. "Ah, huyu mzee wangu! Nimemkumbuka sana huyu," akasema, akafuta vidole kwenye suruali, akaandika: "Mpenzi, hizo saa zako zinaendeleaje?"

Jibu lilifika kabla hajameza muhogo, na lilikuwa refu.